Ushauri: majina, viumbe na mahali kwa riwaya ya fantasia yenye asili ya Pemba na Unguja

mkarafuu_mrefu
Asalaam alaykum wanajamvi. Naandika riwaya ya fantasia yenye visiwa viwili vya kubuni, ila nataka asili yake iwe kwetu. Tatizo ni kwamba mfalme nimemwita Zaroth, kisiwa Elandira, na mnyama mkubwa ni joka linalotema moto. Hakuna anayesoma akahisi harufu ya karafuu. Majina niyachote wapi? Popobawa, yule jini wa usiku wa masimulizi yetu, nimtie? Na ramani nianzie wapi?

demani_na_goshi
Waalaykum salaam. Anza na sikio. Majina yetu ya mahali mengi huishia kwa vokali, na mengine ni sentensi kamili. Tazama Vumawimbi, ufukwe wa Pemba ulio kando ya msitu wa Ngezi: kitenzi na nomino, na mahali pameshaanza kunguruma kabla hujapaeleza. Kwa njia hiyo hiyo unapata Lalamaji, Pokeamwezi, Zimataa. Kila jina lipitishe kwenye majaribio mawili. Liite kwa sauti kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mkondo. Likikwama mdomoni, litupe. Kisha litie kwenye sentensi: "Amezaliwa Lalamaji", "Mwinyi wa Lalamaji". Zaroth hapiti hata la kwanza.

Kwa watawala, sifa iwe ndani ya jina. Pale Pujini, Pemba, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo masimulizi yanamnasibisha nayo Mkama Ndume, yaani mkamua wanaume. Inasimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wakienda kuteka. Usimchukue yeye mwenyewe. Chukua ule ukuta ndani ya kisima: wivu, mamlaka na maji vyote viko hapo, katika kitu kimoja ambacho msomaji anaweza kukigusa.

Watu wa kawaida wape majina yanayosikika visiwani: Makame, Vuai, Pandu, Faki, Mize, Mwanakombo, Sikudhani, Chausiku. Chausiku tayari ni kisa, ni mtoto aliyezaliwa usiku.

binti_kojani
Naongezea ngeli, maana hapa waandishi wengi huteleza. Ukibuni kiumbe ukamwita "kivuma", wingi ni "vivuma", lakini akiwa hai useme "kivuma amekuja, vivuma wamekuja", kama kiboko. Ukitaka msomaji aogope, mpeleke makusudi kwenye li-ya: "vuma limekuja". Ukubwa na uzito vinaingia bila kivumishi hata kimoja. Amua mapema ushike hapo hapo, la sivyo sura ya tano kiumbe yule yule atakuwa amebadilika umbo bila ya wewe kukusudia.

kima_punju
Popobawa kwa jina lake, mimi nasema usimtie. Taharuki ya 1995 ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na wengine walishambuliwa kwa kudhaniwa ndio Popobawa. Waliopitia wapo na wanasoma. Chukua kanuni zake tu: kivuli kabla ya mwili, harufu kali, na sharti kwamba aliyefikwa lazima awaambie wenzake, akinyamaza hurejewa. Sharti hilo la kusema peke yake linabeba riwaya nzima.

Umbo la kiumbe litafute kwa mnyama wa kweli. Popo wa Pemba hapatikani kwengine duniani. Mbawa zikitandazwa zinafika kama mita 1.6. Nenda Kidike, huko huko Pemba, ukawatazame mchana wakiwa wamening'inia mitini, wakizozana, wakijipepea kwa mbawa joto likizidi. Wanakula matunda na kutawanya mbegu. Basi kiumbe chako kinaweza kutisha usiku na bado msitu ukafa akiuawa. Joka la moto halikupi mgongano huo.

Unguja ina chui wake, ambaye wengi wanaamini ametoweka. Kinachofaa kwako ni ile imani kwamba chui hufugwa na wachawi na kutumwa. Swali la kila ukurasa linakuwa: huyu ni wa nani? Na usimpeleke chui Pemba. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, zamani bahari ilipokuwa chini ilikuwa nchi kavu na wanyama walivuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita. Hiyo ndiyo ramani yako: kina cha bahari ndicho kinachoamua kiumbe gani kiwe kisiwa gani.

mkarafuu_mrefu
Ahsanteni sana. Nimeandika hivi: "Usiku wa mwezi mpevu, saa 4, mwezi Januari, jahazi la Mize lilitoka Lalamaji kusini, likafika kaskazini alfajiri likiwa na maji tele ufukweni." Naweza kuendelea?

demani_na_goshi
Hapana, dada au kaka, sentensi hiyo ina makosa matatu. Mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kiasi, na kwetu wakati huo maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, hukupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kwa hiyo saa 4 usiku jahazi la Mize limekaa juu ya mchanga. Januari ni kaskazi, upepo unamjia usoni, itabidi abishe, yaani aende kwa kupinda huku na huku. Usiku mmoja hautoshi. La tatu ni mwezi wenyewe: mpevu huchomoza jua linapotua, kwa hiyo saa 4 umeshapanda juu, na mlinzi yeyote atamwona. Mtoe saa 10 alfajiri maji yamejaa, na hamishia safari Julai, kusi limsukume. Kila siku baada ya hapo sogeza maji mbele kama dakika 50.

Na badala ya jahazi, fikiria mtepe: mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari, tanga la mkeka. Makumbi hufukiwa pwani kwa miezi mpaka yaoze, ndipo yapondwe na kusokotwa. Kwa hiyo mtu anayeunda chombo kwa siri lazima aanze kufukia miezi kabla, na harufu ya makumbi yakifukuliwa haifichiki.

binti_kojani
Jambo moja la adabu. Mapango na mibuyu yenye mizimu inayotembelewa mpaka leo, usiitaje kwa majina yake wala usiitie damu ya kubuni. Eleza mahali, badilisha jina. Misali, kile kisiwa kidogo karibu na Pemba, ni tofauti, kisa chake kinasimuliwa waziwazi: Nabii Hidhr aliomba msala, hakupata, akasema kisiwa kitakuwa msala wake. Kisiwa kinachotandikwa kama msala, hilo waweza kulijengea.

mkarafuu_mrefu
Zaroth nimemfuta. Sasa ni Mwinyi Zimataa, na Mize anaondoka saa 10 alfajiri, Julai, kwa mtepe. Makumbi ameyafukia tangu masika.