Naombeni ushauri: wagonjwa wawili wa dharura, muuguzi mmoja zamu ya usiku

Habari zenu wauguzi wenzangu, na shikamooni mliotutangulia kazini. Naongoza zamu wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya. Usiku tunabaki wawili, mimi na mhudumu wa afya.

Juzi saa nane usiku nilikuwa na mama wa kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Huyo hupimwa kila saa: pumzi zisishuke chini ya 16 kwa dakika, goti likigongwa liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Mara kitanda cha pili, mama aliyetoka kujifungua akaanza kuvuja damu, khanga imelowa hadi inachuruzika sakafuni. Nikamkimbilia, mkono mmoja nakanda mfuko wa uzazi, huku nampigia daktari. Yuko chumba cha upasuaji. Yule wa kifafa nikamwachia mhudumu: "Hesabu pumzi, zikipungua niite."

Kina mama wote wako salama, namshukuru Mungu.

Asubuhi nikasemwa mbele ya wenzangu kwamba nimekabidhi kazi ya muuguzi kwa mtu asiye na leseni. Ni kweli. Lakini damu ile inaweza kuua ndani ya saa mbili, ningemwacha nani?

Mnaoongoza zamu, mnawakabidhi wahudumu kazi zipi hasa? Mnaandikaje kwenye kitabu cha ripoti? Na barua ya kuomba muuguzi wa pili usiku nianzie kwa nani? Mhudumu wangu tangu siku ile anaogopa hata kumsogelea mgonjwa, na hilo linaniuma zaidi.