"When a Man Loves a Woman": toleo lipi linafaa kwa jubilei ya ndoa?

MpendaSanturi: Wanajukwaa, salamu. Wazazi wangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa, nami nimekabidhiwa uchaguzi wa nyimbo. Mzee anataka sauti ya Percy Sledge ya mwaka 1966, dada zangu wanang'ang'ania ya Michael Bolton ya 1991, na mimi navutiwa na Bette Midler, aliyeuimba katika filamu ya *The Rose* ya 1979. Naomba hoja, si ushabiki.

KinandaChaKale: Mkuu, mzee yuko sahihi. Sledge alikuwa mhudumu wa hospitali huko Alabama kabla ya kuurekodi wimbo huu katika studio ndogo mjini Sheffield. Kinanda cha Spooner Oldham kinatanda taratibu, besi inashuka hatua kwa hatua, na sauti inaingia ikiwa tayari juu, kana kwamba mtu huyu alianza kulia kabla hatujafika. Sikiliza pia matarumbeta ya mwishoni, ambayo hayakutuniwa sawasawa. Husimuliwa kwamba kampuni ya Atlantic iliomba yarekodiwe upya, yakarekodiwa, kisha kanda zikachanganywa na lile toleo lenye kasoro ndilo likaingia sokoni. Likashika nafasi ya kwanza Marekani.

SpikaKubwa: Tusimwonee Bolton. Naye alishika nafasi hiyo hiyo mwaka 1991, na akapata tuzo ya Grammy. Ukumbi wenye watu 300 wanaokula na kuzungumza unahitaji rekodi nzito, na ile ya 1966 itamezwa na kelele za sahani.

BibiTungo: Kabla ya kupima spika, pimeni maneno. Mwanamume anayeimbwa humu anatumia senti yake ya mwisho, yuko tayari kulala mvuani, na anampa kisogo rafiki anayemsema vibaya mpenzi wake. Huyo amelewa mapenzi, na sina hakika kama ni mfano wa ndoa ya miaka 50. Katikati ya wimbo anaacha kumzungumzia "mwanamume" fulani na kuanza kusema "mimi", akimsihi mwanamke asimtese. Kwa Sledge, hapo unasikia mtu akikiri alichokuwa akikificha. Bolton amekwisha kumwaga nguvu zake zote tangu ubeti wa kwanza, kwa hiyo zamu hiyo inapita bila kuonekana. Midler ana jambo lake: mwanamke anapoyaimba maneno hayo, husikii tena ombi, unasikia ushahidi wa mtu aliyewaona wanaume wa namna hiyo kwa karibu. Ni toleo zuri, ila si la kukata keki.

KinandaChaKale: Naafiki, BibiTungo. Niongeze kwamba waandishi wanaotajwa ni Calvin Lewis na Andrew Wright, waliokuwa wakipiga muziki pamoja na Sledge, naye baadaye alisema kwamba aliwaachia wimbo huo mwenyewe. Hebu fikirieni mrabaha alioupoteza, hasa baada ya tangazo la suruali za jinzi kuurudisha hadi nafasi ya pili Uingereza mwaka 1987.

MpendaSanturi: Ahsanteni. Bolton atapigwa wageni wanapoingia, na Sledge wakati wazee wanacheza, sahani zikiwa zimeondolewa. Nimemsomea mama hoja ya BibiTungo. Amejibu kwamba mzee hajawahi kulala mvuani kwa ajili yake hata usiku mmoja, lakini wimbo upigwe tu.