Mgongo umegoma, HR wamekataa barua ya kairo

Mama Wawili, Coventry:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Mgongo wangu mnaujua, nimeshaulalamikia sana humu. Sasa umeshuka mguuni. Unaanzia kiunoni kushoto, unapita nyuma ya paja kama waya wa umeme, unaishia kidole gumba, nacho kimekufa ganzi. Nikivaa soksi mpaka niangalie kama imeingia. Yote yameanzia kazini, tukimgeuza bibi mmoja kitandani, mwenzangu akaachia upande wake wa shuka ili ashike simu. Hoisti, mashine ya kunyanyulia mgonjwa, ipo, betri haina chaji, kama kawaida.

Kumpata GP, daktari wa mtaani, ni kupiga simu saa mbili asubuhi, ukifikiwa kwenye foleni nafasi zimekwisha. Nikaenda kwa kairo wa mjini (chiropractor, anayenyoosha mgongo kwa mikono) kwa hela yangu. Kanikunja, pingili zikalia, usiku ule nikalala. Akaniandikia barua nisinyanyue mtu hadi anione tena. HR wamenijibu mistari miwili tu: hawaitambui, wanataka ED (cheti cha ugonjwa), la sivyo siku hizo ni utoro. Na mimi niko kwenye CoS yao, yaani wao ndio wadhamini wa viza yangu. Je, barua ya kairo haina nguvu kweli au wananionea? Na nani anamjua kairo mzuri Midlands asiye ghali?

Mpwani wa Slough:
Pole sana dada. Ushauri wangu, hao wavunja mifupa waache. Mimi yangu ni L5/S1, pingili za chini kabisa za mgongo, diski imetoka inabana mshipa wa fahamu, MRI ninayo. Nilipata kwa kushusha mizigo kwenye gari la ejensi. GP akanipa gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, nikawa nasinzia kwenye usukani, nikaziacha. Halafu foleni ya fizio (tiba ya mazoezi), halafu barua kwamba jina langu limetolewa kwenye foleni eti sikupokea simu! Simu yenyewe namba imefichwa, nani anapokea? Mwisho nikachomwa sindano ya mgongo, nikapata nafuu, lakini baridi ikiingia nakumbuka. Kuwa na subira tu.

Mzee wa Reading:
Mpwani, umeulizwa barua, umejibu MRI. Halafu kairo si mvunja mifupa. Uingereza hii ina sheria yao ya mwaka 1994, wote wako chini ya GCC, baraza linalowaandikisha, na asiyeandikishwa akijiita kairo ni kosa la jinai. Mama Wawili, kabla ya kulipa tena, fungua rejesta yao mtandaoni uandike jina lake, ni bure. Bei huwa kati ya pauni 30 na 80 kwa kikao, NHS, huduma ya afya ya serikali, kwa kawaida hawalipi. Akikuuzia kifurushi cha vikao vya miezi kabla hajakugusa mguu kupima nguvu na ganzi, vaa koti uondoke.

Ila tusitukuze pia. Ufundi huo aliuanzisha D. D. Palmer kule Davenport, Iowa, mwaka 1895, akidai kamnyoosha pingili msafisha jengo, Harvey Lillard, masikio yakafunguka. NICE, wanaoandika miongozo ya tiba hapa, wao wanasema kukandwa na kunyooshwa kwa mikono kuwe ni nyongeza ya mazoezi, kusiwe tiba peke yake.

Dada wa Leeds:
Naandika niko mapumzikoni naiti, samahani kwa haraka. Hiyo ED wanayoiita fit note, tangu Julai 2022 wanaoweza kusaini ni daktari, nesi, mfamasia, fizio na mtaalamu wa OT (tiba ya kurudisha uwezo wa shughuli za kila siku). Kairo hayumo. Siku 7 za mwanzo unajiandikia mwenyewe, ED inadaiwa baada ya hapo. Kwa hiyo kama hujavuka siku 7, hawana haki ya kuidai. Umevuka?

Ukipiga simu kwa GP usimng'ang'anie daktari. Muulize wa mapokezi kama wana FCP, yaani fizio anayekaa palepale zahanati. Yeye anakupima, anaweza kuandika ED, na ndani yake kuna kisanduku cha "anaweza kazi lakini apunguziwe". Sehemu nyingi pia unajipeleka kwa fizio mwenyewe kupitia MSK, huduma ya misuli na mifupa, bila kumuona GP.

Na hili soma mara mbili: ganzi ikihamia katikati ya mapaja, sehemu unayokalia au sehemu za siri, au mkojo ukigoma au ukakutoka bila kujua, au miguu yote miwili ikalegea, usitafute kairo wala usisubiri Jumatatu. Nenda A&E, idara ya dharura ya hospitali, saa hiyohiyo.

Mpwani, gabapentini kwa sciatica (maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni) NICE walishakataza tangu 2020. Usimtajie mtu hata kama wewe ziliwahi kukutuliza.

Mpwani wa Slough:
Nimesema zilinisinzisha, sikusema zilinituliza. Someni kabla ya kujibu.

Baba Mapacha, Luton:
Mdogo wangu, jaza fomu ya PIP, posho ya serikali ya ulemavu. Jirani yangu hapa anapokea kwa mgongo huohuo. Na angalia, ukikaa nje wiki nne HR wanakuripoti Home Office, wizara ya viza, CoS inakufa. Hela ya IHS, ada ya afya ya wenye viza, tunalipa halafu GP hapatikani!

Mzee wa Reading:
Baba Mapacha, unataka kumponza mtu. PIP ni mfuko wa umma, na viza yake imeandikwa hana ruhusa ya mfuko huo. Jirani yako huenda ana ILR (ukaazi wa kudumu) au pasi ya hapa. Wiki nne ni za likizo bila malipo, ugonjwa haumo, mradi uwe na karatasi. Ndiyo maana hiyo ED ni muhimu kuliko kairo. SSP, malipo ya ugonjwa anayotoa mwajiri, ni haki yake, si mfuko wa umma. Na wenye viza ya Health and Care hawalipi IHS, wamesamehewa.

Baba Mapacha, Luton:
Sawa mwanasheria.

Katibu Mstaafu, Birmingham:
Mbona hakuna aliyemuuliza kitabu cha ajali? Dada, uliandikisha siku ile? Kama hukuandikisha, mtumie meneja baruapepe leo hii, taja tarehe, chumba, nani ulikuwa naye, na betri ya hoisti. Jitumie nakala kwenye anwani yako binafsi, si ya kazini. Ajali ikikuweka nje zaidi ya siku 7, mwajiri analazimika kuiripoti HSE, wasimamizi wa usalama kazini, ndani ya siku 15, kanuni yake inaitwa RIDDOR. Kudai fidia una miaka 3. Nimeshaona watu wazima wanaambiwa "mgongo ulikuja nao kutoka Afrika" kwa sababu hakuna hata mstari ulioandikwa. Jiunge na chama cha wafanyakazi, ingawa kwa ajali iliyokwishatokea huenda wakasita.

Bi Mkubwa, Milton Keynes:
Mwanangu pole. Tanga kulikuwa na mama mmoja mchuaji, Ngamiani. Anakulaza kwenye jamvi, mafuta ya nazi kayapasha na karafuu, anakutafuta mshipa kwa kidole gumba huku anakusimulia nani kaachika. Ukiinuka unadaiwa shilingi na habari za kwenu. Huku wanakugusa na glavu. Kuna mtu anakuja kutoka nyumbani mwezi huu? Chupa moja tu ya mafuta.

Mkenya wa Manchester:
Bi Mkubwa umenikumbusha mamangu, naye ni mgongo tu. Kenya tulitolewa bima ya afya ya NHIF tukatiwa SHA Oktoba 2024, mshahara unakatwa asilimia 2.75, akifika hospitali sistimu iko chini. Mimi ndiye ninatuma pesa ya fizio.

Baba Mapacha, Luton:
Afadhali nyinyi Wakenya mna pasi mbili, uraia pacha, tangu 2010. Sisi Watanzania sheria ya bima kwa wote ni ya 2023, ila MOI, hospitali ya mifupa Muhimbili, asiye na bima ni hela mkononi.

Mzee wa Reading:
SHA na uraia fungueni uzi wenu. Mama Wawili hajamjibu Leeds kama kavuka siku 7.

Mkenya wa Manchester:
Mzee, uzi ni wa mgongo, na mamangu ana mgongo. Baba Mapacha, hiyo hela mkononi ni pamoja na MRI ama?