Masta ya macho, uzazi, ganzi au radiolojia? Fomu zinafungwa mwisho wa mwezi

Mwana_Langoni
Assalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri wa kweli. Mimi ni daktari huku Lamu, nilimaliza uanagenzi na nimefanya kazi miaka michache. Nataka kurudi kusomea ubingwa. Moyo wangu uko kwenye macho, lakini nyumbani wananiambia nichukue uzazi au ganzi, ati daktari wa macho hana kitu. Mshahara ukoje, na kazi zipo?

Bandari_Mokowe
Wa aleikum salaam. Hatuwezi kukujibu hivyo ulivyouliza. Umeajiriwa na kaunti kwa kudumu au kwa mkataba? Karo analipa nani? Una familia? Na ukimaliza utarudi Lamu, au utakaa Malindi, au Mombasa? Hayo ndiyo yanayobadilisha jibu.

Shela_Malindi
Anza na hili: serikali haijui jicho wala tumbo, inajua daraja la kazi. Ukirudi na masta unapanda daraja, na marupurupu ya bingwa wa macho ni yale yale ya bingwa wa uzazi. Tofauti iko nje ya karatasi ya mshahara. Mimi ni wa uzazi. Naitwa saa nane usiku, mama anavuja damu, na wanangu wamezoea kuamka asubuhi wasinione. Lakini kliniki yangu ya jioni haikosi watu. Mimba haisubiri mwisho wa mwezi, na mtu atakopa ili mkewe azae salama. Mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba macho, anaweza kusubiri miaka mitano.

Ganzi_Kwanza
Ganzi, ganzi, ganzi. Hakuna thieta, chumba cha upasuaji, inayofunguliwa bila sisi. Hununui mashine, hupangi chumba, unaingia hospitali ya mtu na ujuzi wako unalipwa. Asubuhi kwa kaunti, jioni hospitali mbili za binafsi. Mwenzangu wa macho akitaka kujitegemea sharti awe na darubini ya upasuaji, mashine ya fako ya kuondolea mtoto wa jicho, lenzi za kila namba. Huo ni mkopo kabla hajamuona mgonjwa wa kwanza.

Mwana_Langoni
Samahani, niliyaacha mengi. Niko kwa mkataba wa kaunti, sijapewa ruhusa ya masomo. Mume wangu anafanya kazi Malindi, tuna mtoto mmoja wa miaka miwili.

Bandari_Mokowe
Basi dada hilo ndilo swali lenyewe! Bila ruhusa ya masomo mshahara unakatika, na karo inabaki kwako. Usijaze fomu yoyote kabla hujapata barua iliyotiwa sahihi.

Kuhusu kazi, nikupe hesabu moja. Mpango wa dunia wa kupunguza upofu, VISION 2020, uliilenga Afrika ifikie daktari mmoja wa macho kwa kila watu 250,000. Sensa ya 2019 iliihesabu Lamu watu 143,920. Kwa kipimo hicho Lamu nzima haifikishi daktari mmoja! Kilifi ilikuwa na 1,453,787, yaani takriban sita. Lakini kipimo hicho hakijui bahari. Mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, kumfikia daktari wa Mombasa ni boti, basi, na mahali pa kulala. Kwa hiyo haja ipo kubwa, ila nafasi ya ajira kwenye orodha ya kaunti inaweza kuwa moja tu, na ikishajazwa imejazwa.

Jicho_la_Pwani
Mimi nilipita huko, kwa hiyo nisikilize, dada. Kaunti sitaitaja.

Nilirudi na masta yangu na hamu ya aliyefunga akingoja adhana ya magharibi. Nikakuta darubini ya upasuaji ipo, taa yake imekufa. Nikaandika barua. Nikajibiwa bajeti ya mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika, nikaambiwa zabuni imekwama. Miezi kumi na tisa nilikuwa naandika miwani na dawa za matone. Ule mradi wa serikali wa 2015 wa kukodisha vifaa vya hospitali ulileta mashine za figo, za ICU, X-ray na za thieta. Macho hayakuwa na fungu lake.

Kulikuwa na mzee mmoja, mvuvi, akija kila mwezi ameshikwa mkono na mjukuu wa miaka tisa hivi. Macho yote mawili yameziba. Ugonjwa ule naujua, na kuuondoa najua. Nikamuandikia rufaa ya Mombasa, hakuwa na nauli. Kila mwezi aliniuliza, "Daktari, taa imekuja?" Na yule mtoto siku hizo zote hakuwa shule. Mwishowe mtoto akaja peke yake kuirudisha kadi ya babu yake.

Niliacha kazi baada ya hapo. Mshahara ulikuwa ukiingia wakati wote. Hata leo nawaza wangapi wengine walikaa kiza kwa sababu ya taa moja. Kabla hujachagua macho, ingia thieta ya hospitali utakayorudi, uwashe darubini kwa mkono wako.

Shela_Malindi
Pole sana, ndugu yangu.

Ganzi_Kwanza
Na juu ya hayo, mtoto wa jicho siku hizi unapasuliwa na maafisa wa kliniki, tena kwenye kambi za bure. Bingwa atalipwa na nani?

Afisa_Pate
Hapo umenigusa. Sisi maafisa wa kliniki, KMTC, chuo cha tiba cha serikali, inatufundisha kazi hiyo rasmi, na visiwani sisi ndio tunaoonekana. Mgonjwa wa Siyu hajali cheo changu, anajali aone. Presha ya macho ngumu, retina ya mwenye kisukari, jicho la mtoto, hayo tunayapeleka kwa bingwa. Daktari mzuri wa macho akija, mimi ndiye nitakayemletea wagonjwa. Sisi si maadui zake.

Ganzi_Kwanza
Sikukudharau, kaka. Nilisema soko.

Mjomba_Minnesota
Niko Marekani. Huku macho ni nafasi inayogombaniwa mno: mwaka mmoja wa uanagenzi na mitatu ya macho, na wana mfumo wao wa kugawa nafasi, SF Match, matokeo hutoka kabla ya wengi kujua yao Machi. Wa mifupa huwapita kwa kipato. Na Medicare, bima ya serikali ya wazee, inapunguza: mwaka 2020 malipo ya daktari kwa mtoto wa jicho yalikatwa karibu asilimia 15. Wanaishi vizuri kwa sababu wanapasua wengi kwa siku moja.

Bandari_Mokowe
Mjomba, tunashukuru, lakini mwenzetu ana mtoto wa miaka miwili na mume Malindi. Huku Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, wanagenzi wakipigania shilingi 206,400 kwa mwezi na serikali ikishikilia 70,000. Dada, umeuangalia mtihani wa COECSA, chuo cha madaktari wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini? Unasoma ukiwa hospitalini badala ya kukaa chuoni. Pia KCMC, hospitali ya Moshi, Tanzania, inafundisha macho.

Shela_Malindi
COECSA nayo inataka hospitali iliyoidhinishwa. Malindi ipo?

Jicho_la_Pwani
Aulize Mombasa kwanza.

Mwana_Langoni
Jicho_la_Pwani, nimesoma habari ya yule mzee mara tatu. Kesho naenda thieta kuwasha hiyo darubini. Radiolojia hakuna aliyeisemea?

Bi_Mkomani
Samahanini kuingilia, mimi si daktari. Mamangu ana sabini na nne, jicho la kulia lina ukungu mweupe na la kushoto limeanza. SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa? Na akipasuliwa atavuka na boti siku gani, maana kule Mokowe maji yanaruka mpaka usoni?

Afisa_Pate
Mama, mlete kwanza apimwe, ana kisukari au presha? Akishapasuliwa, bahari asivuke bila ngao ya jicho, na maji yasimguse. Kesho nipo kliniki toka saa mbili.

Bi_Mkomani
Kisukari anacho. Tutakuja na boti ya kwanza inshallah.