Ekari 40, wamiliki 23: tununue kipande kwa kipande, tugawane viwanja, au tusubiri serikali itwae?

Mchoraji_Mipaka
Wakuu, naomba tulinganishe hizi njia kwa hesabu badala ya ushabiki. Mfano: ekari 40 zilizoshikana pembezoni mwa mji, Tanzania Bara, wamiliki 23. Wanne wana hati. Wengine wana karatasi za mauziano zenye muhuri wa mtaa. Mashamba mawili ni ya marehemu na mirathi haijafunguliwa. Nyumba zinazokaliwa ni 6, zote upande wa barabara. Lengo ni viwanja vya makazi na kipande cha biashara.

Njia ya kwanza: kununua kwa kila mmoja mpaka eneo likamilike. Ya pili: wamiliki waunganishe ardhi, ipangwe na kupimwa upya, kila mmoja arudishiwe viwanja na sehemu nyingine iuzwe kulipia gharama. Ya tatu: halmashauri iombe eneo litwaliwe, ilipe fidia, ipime, iuze, kama ulivyofanyika Mradi wa Viwanja 20,000 Dar es Salaam kuanzia 2002.

Ipi inafika mwisho?

Kamba_na_Bikoni
Kabla ya njia yoyote, pima kwanza. Huku pembezoni ekari bado inauzwa kwa "hatua 70 kwa 70". Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, yaani kama mita 63.6 kwa 63.6. Anayepima akiwa na hatua ya sentimita 80, hatua 70 ni mita 56, na eneo ni mita za mraba 3,136. Hapo umelipia ekari na umepata robo tatu na kidogo. Na kama mtu ameshika utepe akaweka MITA 70 kwa 70, muuzaji ndiye anayelia, maana ametoa 4,900.

Kifaa cha GPS cha mkononi au simu kinatosha kujua shamba liko wapi, lakini hakitoshi kwa mpaka, kwa sababu kinakosea mita 3 hadi 5, na zaidi chini ya miembe. Chukua mpima mwenye kifaa cha RTK (GPS ya kitaalamu yenye usahihi wa sentimita), majirani wote wawepo siku hiyo, kila pembe ikubaliwe na pande mbili na kusainiwa. Jumlisha mashamba yote 23, kisha linganisha na eneo lote lililo ndani ya mpaka wa nje. Jumla ikizidi eneo hilo, kuna watu wawili wanauza ardhi moja. Jua hilo kabla hela haijatoka.

Wakili_Mtaani
Naongezea kwa Kamba. Muhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba mauziano yalishuhudiwa, haumpi mtu umiliki ambao hakuwa nao. Fuata mnyororo nyuma: aliyemuuzia huyu alinunua kwa nani? Nenda na karatasi za zamani kwa majirani na mjumbe. Kwa wale wanne wenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani au zuio.

Na idhini ya mwenza! Mume akisaini peke yake kwa nyumba au shamba la familia, mke ana haki ya kupinga, na mahakama zinamsikiliza. Saini ya mke au mume iwe kwenye mkataba wenyewe. Usikubali karatasi ya pembeni iliyoandikwa baadaye.

Hesabu_Kavu
Njia ya kwanza ugonjwa wake unajulikana. Wa mwanzo wanauza kwa bei ya shamba, wa mwisho anauza kwa bei ya kukuzuia. Akijua umeshalipa watu 20, ardhi yake haina bei tena, ina bei ya hasara yako. Wakati mnavutana, hela iliyolala inaliwa na riba. Milioni 300 za mkopo wa 16% kwa mwaka, zikikaa miezi 14, ni milioni 56 za riba kabla hujachimba hata mtaro.

Dawa ni jinsi unavyoandika mikataba:

Usinunue moja kwa moja. Weka mkataba wa masharti: arubuni (malipo ya awali) ndogo, tuseme 10%, na mauziano yanakamilika tu kama wamiliki wa angalau sehemu fulani ya eneo watasaini ndani ya miezi 9. Wasipofika, andikeni mapema arubuni inabaki kwa nani. Mara nyingi inabaki kwa mwenye shamba, na hiyo ndiyo bei ya muda aliokupa.

Bei iwe moja kwa mita ya mraba, itangazwe wazi. Mazao na majengo yathaminiwe pembeni. Halafu weka kifungu: jirani yeyote akilipwa zaidi kwa mita, wote waliosaini wanaongezewa tofauti. Kinaonekana cha hatari ila ndicho kinachomtuliza mtu asisubiri, kwa kuwa kusubiri hakumpi faida. Na wewe kinakufunga usimhonge wa mwisho.

Mpangilio: anza na kipande cha njia ya kuingilia. Ukikosa njia, ekari 39 hazina thamani ya ekari 10. Kisha katikati. Pembezoni mwisho, maana mchoro unaweza kupinda ukamwacha mkaidi wa pembeni na kiota chake. Mkaidi wa katikati humpindi.

Mama_Viwanja
Hapo kwenye dalali hujagusa. Ukitumia madalali watatu, kila mmoja anaongeza chake juu na bei moja yako inakufa ndani ya wiki. Mtu mmoja, barua moja, bei moja.

Mezani_kwa_Mthamini
Nije kwenye njia ya tatu, maana wengi wanaisema bila kujua inavyotembea.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 (Sura 118) inampa Rais mamlaka ya kutwaa kwa manufaa ya umma. Maana ya manufaa ya umma ni pana: huduma za jamii, makazi, mji mpya, hata uendelezaji wa viwanda na biashara. Lakini kampuni binafsi haiendi dirishani kuomba itwaliwe ardhi. Taarifa hutolewa, na kwa kawaida ni wiki 6 kabla ya kuachia eneo.

Fidia baada ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001 ni thamani ya soko ya ardhi pamoja na maendelezo, kisha posho. Posho ya usumbufu: thamani mara wastani wa riba ya amana za muda maalumu za benki za biashara kwa miezi 12. Thamani ikiwa milioni 60 na riba tuseme 7%, ni milioni 4.2. Posho ya makazi: kodi ya soko ya mwezi mara 36. Nyumba ya kodi 200,000 inatoa milioni 7.2. Usafiri: gharama ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Mwenye biashara analipwa faida halisi ya mwezi mara 36, kwa hesabu zilizokaguliwa. Hapa ndipo wenye maduka wanaumia, hesabu hawana. Shamba tupu lisilokaliwa halipati posho ya makazi wala usafiri.

Linaloua miradi ni muda. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6, riba inaanza kuhesabiwa. Kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, uthamini ukipita miaka 2 bila malipo umekwisha nguvu, unarudiwa upya kwa bei mpya. Halmashauri isiyo na fedha mkononi ikianza uthamini, imeanza kuhesabu deni lisilojulikana mwisho wake. Na mwananchi aliyekwisha kuandikwa kwenye jedwali la fidia haendelezi chochote, anasubiri.

Hesabu_Kavu
@Mezani_kwa_Mthamini na ndiyo maana mfano wa Viwanja 20,000 unapotosha kidogo. Ule ulianza na fedha za mkopo kutoka Hazina, fidia ikalipwa, viwanja vikauzwa, hela ikarudi. Chukua Kigamboni upande wa pili: mji mpya ukatangazwa 2008, watu wakazuiwa kuendeleza, miaka ikapita, na wakala uliopewa kazi hiyo ukaja kuvunjwa. Sheria ileile, tofauti ni nani aliingia na pesa mkononi.

Mwanamipango_Mjini
Naona mnaipita njia ya pili haraka, na kwa ekari 40 ndiyo ninayoiamini zaidi.

Ekari 40 ni mita za mraba 161,880. Barabara zichukue 22%. Maeneo ya wazi, shule ya awali na huduma 8%. Viwanja vya kuuzwa kulipia mpango, upimaji, kuchonga barabara na maji, 15%. Jumla ya makato 45%, mwenye ardhi anarudishiwa 55%. Mwenye ekari 2 (mita za mraba 8,094) anapata mita za mraba 4,452, takriban viwanja 9 vya mita 490.

Swali lake litakuwa moja: "mmechukua karibu nusu, nimepata nini?" Jibu liwe namba. Moja gawanya kwa 0.55 ni 1.82. Bei ya mita iliyopimwa, yenye njia, ikiwa mara 1.82 ya bei ya shamba, hajapata wala hajapoteza. Ikiwa mara 3, amefaidika. Kama soko la eneo lako halifiki mara 2, acha kabisa, hakuna mkutano utakaookoa hesabu hiyo.

Japani wana sheria ya 1954 ya jambo hili: theluthi mbili ya wamiliki, wenye theluthi mbili ya ardhi, wakikubali, mradi wa ushirika wao unaendelea na wachache wanafuata. Ujerumani wana ukomo wa makato: 30% kwa eneo jipya, 10% kwa eneo lililokwisha jengwa. Kwetu, kwa vitendo, asiyesaini humgusi. Kwa hiyo mpango uchorwe kwa waliosaini, na mipaka ya awamu ipitie kwenye mipaka ya mashamba.

Kamba_na_Bikoni
Zile nyumba 6 usiziingize kwenye makato ya 45%. Mtu ana mita 600 na nyumba juu yake, ukikata anabaki na 330 na choo kimeingia kwenye kiwanja cha jirani. Wape kipimo cha walipo, wachangie upana wa barabara tu, na pale ambapo ardhi haitoshi kukatwa walipane kwa fedha.

Pia kama hiyo barabara ni kuu au ya mkoa, hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Wengi wanapima ekari zao mpaka kwenye lami. Ukingo wa mto, ziwa au bahari ni mita 60. Toa hivyo KABLA ya kugawa asilimia, la sivyo unawagawia watu hifadhi.

Jirani_wa_Athi
Kutoka Kenya kidogo. Huku shamba la kilimo linahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo mkataba ni batili. Ukiwa na wauzaji 23 panga tarehe za kusaini, msije mkawa na mikataba iliyokufa huku mingine haijazaliwa.

Kwa utwaaji, shirika linalotaka ardhi linatakiwa kuweka fedha za fidia kwa Tume ya Taifa ya Ardhi kwanza. Na marekebisho ya 2019 yaliruhusu fidia isiwe pesa tu: ardhi mbadala, hati fungani za serikali, haki za uendelezaji, hata hisa. Hii ya hisa ingefaa sana miradi ya biashara, ila mzee wa shamba anauliza hisa inalika saa ngapi.

Mama_Viwanja
Mwanamipango, hesabu yako nzuri, ila nani anamhakikishia mzee kwamba viwanja vitarudi? Amaravati, India, wakulima walitoa zaidi ya ekari 30,000 kuanzia 2015 kwa ahadi ya viwanja vilivyoendelezwa na malipo ya kila mwaka kwa miaka 10. Serikali ikabadilika 2019, mpango wa mji mkuu ukabadilishwa, watu wakabaki na ahadi.

Na kwetu kampuni ndogo za upimaji zinazoingia ubia wa kugawana viwanja na mwenye shamba, 60 kwa 40 au 70 kwa 30, zikiishiwa hela katikati, shamba lina mawe ya upimaji lakini mchoro haujaidhinishwa. Haliuziki wala halilimiki.

Mwanamipango_Mjini
Hoja ni ya haki, mama. Kinga ni hizi: umiliki usihamishwe kwa mwendelezaji hata siku moja, apewe mamlaka ya kupanga na kupima tu. Viwanja vyake vya kuuza avipate kwa awamu, mfano theluthi mchoro ukiidhinishwa, theluthi ramani ya upimaji ikisajiliwa, theluthi barabara zikichongwa. Na kila mwenye ardhi asaini mchoro wenye viwanja vyake vimepigwa rangi kabla mawe hayajapandwa. Ugomvi mwingi unatokana na neno "utapata viwanja 9" bila kusema vipi. Vya kona karibu na lami, au vya bondeni?

Mchoraji_Mipaka
Basi naona mchanganyiko: kipande cha njia tununue taslimu, ekari za katikati tugawane, nyumba 6 zipimwe zilipo, na halmashauri tuiombe idhini ya mchoro, tusiiombe kutwaa. Yale mashamba mawili ya mirathi je? Familia moja imeshaleta muhtasari wa kikao cha ukoo, wamesaini wote.

Wakili_Mtaani
Muhtasari wa ukoo unapendekeza msimamizi, hauuzi ardhi. Waende mahakamani, msimamizi ateuliwe, ndipo asaini yeye. Wasaidieni gharama za kufungua mirathi sasa hivi, ni ndogo kuliko riba ya mwezi mmoja. Na mpaka barua ya usimamizi itoke, mashamba hayo yawekwe awamu ya pili kwenye mchoro, barabara isipite juu yake.