Filla au Sculptra kwa mashavu yaliyoingia ndani, ipi?

MamaTunu: Wakuu habari za asubuhi. Mwezi ujao nitakuwa Nairobi na nimeshaweka miadi kwa daktari wa ngozi, kaniambia nichague filla (sindano ya kujaza uso) ya haialuroniki au Sculptra, ile sindano ya kuchochea ngozi itengeneze kolajeni yake, yaani protini inayoishikilia. Mashavu yameingia, jua limenimaliza. Ipi inarudisha mafuta ya usoni?

Mpangani: Hapo hujatuambia kitu dada. Umri? Umepungua kilo? Unatumia dawa gani? Bajeti je?

NesiMstaafu: Hakuna hapo inayokurudishia mafuta moja kwa moja. Haialuroniki ni jeli, inajaza pale palipobonyea. Lakini haikai bure, mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walidunga Restylane, filla ya haialuroniki, kwenye ngozi ya mikono iliyochakazwa na jua wakakuta seli za ngozi zimevutika na kuanza kutengeneza kolajeni mpya. Mafuta nayo yana habari yake. Watafiti wa Seoul walionyesha 2011 kwamba ngozi ya juu ikiunguzwa na miale ya jua inatoa kemikali zinazoshuka chini na kuzipunguzia seli za mafuta kazi ya kutengeneza mafuta, yaani miale haifiki huko kwenyewe ila madhara yanafika. Halafu 2015 watafiti Kruglikov na Wollina wakaandika kwamba huenda filla zinaziamsha hizo seli. Hiyo ni hoja mkuu, mtu asikuuzie kama ahadi.

Shangazi Rehema: Mimi ni Sculptra tu. Inakuja polepole, hakuna mtu anakushtukia.

NesiMstaafu: Shangazi, hiyo Marekani waliipitisha kwanza 2004 kwa wagonjwa wa VVU waliokauka mashavu. Tuliofanya kazi wodini enzi za stavudini, dawa ya zamani ya VVU, tunazikumbuka zile sura, dawa iliwala mafuta ya uso hadi mtaa mzima unajua mtu anatumia nini. Ndiyo maana Mpangani anauliza dawa. Na Sculptra haina cha kuiyeyusha, haialuroniki ina haialuronidesi, dawa ya kudunga inayoiyeyusha.

Bint Kisauni: Naomba mnisikilize hapo kwenye kuyeyusha. Binamu yangu alidungwa pembeni ya pua kwenye saluni moja, sitaitaja, yule mdungaji alisomea kozi ya wikendi. Sindano haijatoka ngozi ikawa nyeupe, akaambiwa ni kawaida, akaenda nyumbani na maumivu, usiku pale pakawa na madoa ya bluu kama wavu, tukapiga simu saluni wanasema weka barafu. Barafu! Jeli ilikuwa imeziba mshipa wa damu. Saluni hawakuwa na hiyo haialuronidesi hata kichupa kimoja, tukazunguka hospitali mbili ndipo daktari akamdunga ikayeyuka. Pua ilipona lakini kovu jeusi lipo hadi leo, na alituambia angechelewa zaidi nyama ingeoza, na ingeziba mshipa unaokwenda jichoni angepofuka. Muulize daktari wako anayo, akuoneshe.

Juma_K: Mbona hamsemi sanskrini? Ingawa ngozi nyeusi haihitaji.

NesiMstaafu: Inahitaji Juma. Melanini, ile rangi ya ngozi, inapunguza miale, haizuii yote.

Juma_K: Bibi yangu kalima maisha yake yote bila hiyo na uso wake umenyooka.

Mpangani: Bibi yako alivaa kitenge kichwani na kukaa chini ya mwembe saa saba. Turudi kwa mleta mada, bado hajajibu.

MamaTunu: Samahani nilikuwa kazini. Nina 46, situmii dawa. Nakimbia mbio ndefu miaka mingi, Arusha hapa na Iten nikipata likizo, juani. Uzito umeshuka ndiyo.

Mpangani: Haya sasa! Iten ni mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, miale huko ni mikali kuliko pwani. Na mwili ukikosa akiba unachukua hadi ya shavu. Kula kwanza, ongeza kilo kadhaa ndipo upime uso.

Shangazi Rehema: Kwa hiyo aache kukimbia kwa ajili ya mashavu?

Mpangani: Nani kasema aache? Akimbie alfajiri, avae kofia.

MamaTunu: Kukimbia siachi. Naelekea kwenye haialuroniki kwa sababu ya hiyo ya kuyeyusha, ila shangazi kanichanganya. Bint Kisauni, binamu yako alidungwa kwa sindano ya kawaida au kanula, ile yenye ncha butu?

Bint Kisauni: Sindano. Ngoja nimuulize kama walimpa hata kuchagua.

Juma_K: Na bei je? Hakuna aliyetaja bei humu.