Eti "tulishirikishwa"? Bajeti nzima Kizungu kitupu!!

Jamani nimetoka kwa mkutano wa bajeti ya kaunti juzi na bado nafoka, acheni niitoe hapa. Kaunti siitaji, wenyewe watajijua.

Tumeitwa saa tatu, tumekaa chini ya mwembe mpaka saa tano ndio wanafika. Kitabu kimoja watu sita, kizito kama tofali, Kizungu toka jalada mpaka mwisho. Afisa anasimama anamwaga robo saa nzima, mara rikarenti (matumizi ya kawaida), mara divelopmenti (miradi ya maendeleo), halafu anamwashiria kijana wa ofisini kwake atafsiri. Kijana anakohoa: "Anasema pesa ni chache lakini mtasaidiwa." Basi!! Robo saa imekuwa hiyo!

Mama mmoja kando yangu akaninong'oneza, "mwanangu, kisima chetu kimo ama hakimo?" Nikapekua pekua mpaka nikakiona huko nyuma kwenye majedwali, kimesukumwa mwaka ujao, nikamwambia, akainua mkono, wakasema muda umeisha.

Kilichotafsiriwa vizuri ni kitu kimoja tu, "andikeni jina, namba ya kitambulisho na sahihi mpate soda." Hapo Kiswahili kilinyooka kama cha mtangazaji wa redio. Na ile karatasi ya sahihi ndiyo ushahidi wao kwamba wananchi walishirikishwa, sisi tulijua tunapanga foleni ya soda.

Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 7, Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Cha 201 kinataka umma ushirikishwe mambo ya pesa. Cha 50, mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kortini anapewa mkalimani bure. Kwa hivyo nikiiba kuku natafsiriwa, nikilipa kodi sitafsiriwi??

Na ugonjwa huu ni wa zamani, 1974 Mzee Kenyatta aliamuru Bunge liongee Kiswahili, wakaongea kweli, lakini miswada ikabaki Kizungu vilevile.

Nyinyi wanasiasa, msiniambie pesa ya kutafsiri hakuna. Wakati wa kampeni mlikuja na Kimijikenda cha ndani kabisa, na methali juu, nani aliwalipia?

Kuna mtu huko kwenu ashawahi kupewa bajeti kwa Kiswahili, hata kurasa mbili tu? Aweke picha nione. Yule mama alichukua namba yangu na jana kapiga tena kuuliza kama kisima kimerudishwa.